Mama Busara Aitwa Shuleni

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, habari yenyewe ni fupi na haina utamu. Niliandika kitabu cha mapishi ya wanafunzi, mapishi ya mtu mwenye chumba kimoja, sufuria moja na haraka nyingi. Humo ndani nikaeleza namna ya kuchemsha mayai kwa birika la umeme. Wasichana wa bweni moja wakaamua kujaribu asubuhi moja, wote kwa pamoja, kila mmoja na birika lake. Umeme wa bweni zima ukakatika na waya zikaungua ukutani.

Matroni wao akaja ofisini kwa mchapishaji wangu na birika lililopasukiwa na yai ndani. Akaliweka juu ya meza ya mhariri, akauliza ni nani mwenye akili hizi.

Mhariri akaninyooshea kidole bila kusita. Matroni akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akasema, "Na kweli unafanana nazo."

Hapo ndipo tulipoachana, ndugu msomaji. Vitabu vikarudishwa kutoka madukani, na kwa kuwa ghala la mchapishaji lilikuwa limejaa, nikaletewa mwenyewe nyumbani. Nikavipanga kando ya kitanda, nikavifunika kwa kitambaa cha meza, sasa vimekuwa kiti cha wageni. Ni kiti kizuri, hakiyumbi.

Mhariri alinipa onyo moja tu.

"Usiseme mahali popote kwamba kosa ni la kitabu. Ukisema, shule itatupeleka mahakamani, na wewe hutaandika tena hapa hata tangazo la paka aliyepotea."

Nikafyata mkia. Kilichobaki cha kunilisha ni Mama Busara.

Mama Busara ni mimi pia. Kila wiki, katika gazeti la wasichana la mchapishaji huyo huyo, Mama Busara hujibu maswali ya mabinti: wapenzi, chunusi, marafiki wanafiki, wazazi wasioelewa. Siku nilipopewa safu hiyo mhariri alinikagua, akasema uso wangu haujakomaa kumshauri mtu, nilete picha ya mama mtu mzima. Nikaleta ya shangazi yangu, dada wa baba, aliyopigwa harusini akiwa na miwani na uso wa kutotaka upuuzi.

Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia hasomi magazeti, na ni kweli hasomi. Shangazi ni fundi cherehani wa sare za shule, na gazeti kwake ni karatasi ya kukatia vielelezo vya mikono na kola. Tena mimi ndiye ninayempelekea magazeti ya zamani. Kila nikimpelekea, naanza kwa kuchomoa ukurasa wenye uso wake.

Sasa sikia la wiki hii.

Asubuhi, nikiwa bado sijapiga mswaki, mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa binti wa shule, sare mwilini, begi mgongoni, macho yamevimba.

"Shikamoo, dada. Samahani, nimemkuta Mama Busara?"

"Nani amekuelekeza hapa?"

"Mlinzi wa pale gazetini. Amesema barua zake zote anazileta hapa."

Mlinzi yule na mimi tutaongea.

"Mama Busara ndiye mimi," nikasema.

Akatabasamu kidogo kwa adabu, kama mtu anayetaniwa na mtu asiyemzoea. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti. Shangazi yangu akanitazama kutoka humo, na miwani yake.

"Namtaka yeye mwenyewe, dada."

Ningeweza kumweleza pale pale mlangoni, lakini kusema kweli niliona aibu. Nilikuwa nimevaa fulana yenye tundu kwapani.

"Mimi ni msaidizi wake," nikasema. "Ingia, uniambie mimi kwanza."

Akaingia. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya vitabu vyangu.

"Mama Busara kila wiki anamalizia kwa kusema tutafute mtu mzima tunayemwamini, tumweleze yote," alianza. "Nimewapitia wote ninaowajua, mmoja mmoja. Sina mwingine, dada. Ni yeye tu."

Nikakaa kitandani. Niwaeleze ukweli kuhusu sentensi hiyo. Naiandika kila nikiishiwa la kusema. Mhariri anataka kila jibu lifike chini kabisa ya safu, na ile sentensi inaujaza mstari wa mwisho barabara. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeishika, aondoke nayo na kuanza kugonga milango.

Akanieleza. Yeye ni kiranja wa bweni, na shule nzima inamwita hivyo hivyo, Kiranja, hata walimu. Bweni lake ni lile. Uji wao ulikuwa unachelewa kila asubuhi, wasichana wanaingia darasani na njaa, na mitihani ya mwisho i mlangoni. Akapata kitabu kimoja cha mapishi. Akawasomea wenzake ule ukurasa wa mayai, akasimama katikati ya vitanda kama anayesoma risala. Mengine mnayajua.

"Leo asubuhi wamemaliza uchunguzi wao. Wameniambia niende nikamlete mzazi leo leo, na nisionekane getini bila yeye. Nisipomleta, nisirudi."

"Mama yako?"

"Amelazwa. Ni mjamzito, madaktari wamemkataza hata kuinuka kitandani mpaka ajifungue."

"Baba je?"

Hapo akashika mikanda ya begi lake.

"Baba anaendesha boza la maji. Anaamka hatujaamka, anarudi tumelala. Wadogo zangu wanashinda kwa jirani. Muhula ulipoanza aliniambia, nikisikia neno moja kutoka shuleni, unarudi nyumbani kulea wadogo zako mpaka mama yenu apone." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sio mkali, dada. Amechoka tu. Na baba akichoka, alichosema ndicho anachofanya."

"Kwa hiyo unataka Mama Busara akusaidie vipi?"

"Aje shuleni awe mzazi wangu. Anisemee tu, halafu aondoke. Sitamsumbua tena."

Mnaijua hii. Kila aliyesoma shule ya bweni anajua mwenzake aliyewahi kuazima mjomba kutoka kwenye kijiwe cha mafundi viatu. Lakini wale walikuwa watundu. Huyu alikuwa anaomba kama anayeomba maji.

"Na kosa si langu," akaongeza, sauti ikipanda. "Kosa ni la yule mwandishi. Ameandika ukurasa wa kwanza kabisa kwamba kitabu ni cha mwanafunzi wa bweni. Mtu anawaandikia watu wa bweni na hajui bweni lina waya za namna gani? Anajua anachokiandika kweli?" Akakipiga kiti chake kofi. "Nikimkuta, sijui nitamfanya nini."

Aliyepigwa kofi nilikuwa mimi, nakala juu ya nakala.

"Labda hakujua," nikasema. "Labda alijaribu nyumbani kwake kwa birika moja, yai likaiva vizuri."

"Angefikiria."

"Kweli. Angefikiria."

Akaliona birika langu dirishani. "Na nyinyi mnalo?"

"La chai tu," nikasema.

Najua mnachosema huko mliko. Mnasema, si ungemwambia? Si ungekwenda ukasimama mbele ya mwalimu mkuu, ukasema mwandishi ni mimi, mtoto huyu hana hatia? Niliwaza hivyo, Mungu ni shahidi. Kisha nikamwaza mhariri na mahakama yake, na kodi ya chumba, na yule matroni. Woga ukanishika, na aliyeshikwa na woga hutafuta njia ya mzunguko. Nikaamua kumpeleka kwa mwenye uso.

Shangazi tulimkuta kwenye chumba chake cha cherehani, nyuma ya duka la vitambaa, anapinda kola na pini mdomoni. Nilikuwa nimepanga kumwingiza taratibu, kwa kumsifia kwanza. Kiranja hakunipa nafasi. Alipomwona tu akapiga goti.

"Shikamoo, Mama Busara."

"Marahaba," shangazi akajibu katikati ya pini. "Mama nani?"

Mtoto akampa kile kipande cha gazeti.

Shangazi akakitazama. Akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichoma kwenye kijimto kilichofungwa mkononi mwake. Sisi tuliolelewa naye tunajua kwamba pini zikitoka mdomoni, mambo si mazuri.

"Huyu ni mimi, harusini kwa binamu yako."

"Ndiyo, shangazi."

Akasogeza karatasi mbali kidogo, akasoma kwa sauti. "Binti yangu, penzi la kweli halikuharakishi." Akaniangalia. "Nimesema hivi mimi?"

"Nimesema mimi, shangazi. Kwa uso wako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Akakitazama tena kile kipande. Cherehani ya jirani ikasikika ikishona peke yake kule upande wa pili.

"Ndiyo maana," akasema mwishowe. "Ndiyo maana mabinti wanaletwa hapa kupimwa sare, halafu hawaondoki. Wanasimama wananitumbulia macho. Mmoja aliniuliza afanye nini, mvulana wake hamsemeshi tena. Nikamwambia anyooshe mgongo nimpime. Akashukuru, akaondoka analia." Akakunja kile kipande. "Nilidhani watoto wa siku hizi wana kasoro. Kumbe kasoro ninayo ndani ya ukoo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini aliyekuwa mwepesi kuliko shangazi alikuwa Kiranja. Alikuwa amesimama, ananitazama mimi.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Pale mlangoni ulisema kweli."

"Nilisema kweli."

"Na maneno yote? Lile jibu la yule msichana ambaye rafiki zake walimsusa?"

"Niliandika mimi. Yalinikuta mimi mwenyewe nikiwa shule."

Akafikiri. Nikangoja anitukane, na ningeona ni haki yangu.

"Basi ni sawa," akasema. "Mimi nilikuwa naamini yale maneno. Sikuwa naamini miwani."

Ndugu msomaji, nimewahi kutukanwa na mhariri, nikakejeliwa na matroni, na nikaachwa na mchumba kwa ujumbe wa simu. Hakuna kilichonikata maini kama imani ya mtoto yule, na mimi hapo nimemficha nusu ya pili, ile ya mayai.

Shangazi akamwambia ageuke. Akamshika sketi kiunoni, akaukagua mshono hadi chini.

"Hii nimeishona mimi," akasema. "Lakini pindo si langu. Nani amelifungua?"

"Mama. Nilikuwa nimerefuka. Alinishonea akiwa wodini."

Shangazi akalipitisha pindo katikati ya vidole, polepole. Lilikuwa la mkono, mishono midogo midogo iliyonyooka, na mahali fulani ilikuwa imeruka na kuanza upya. Akaliachia.

"Nitakwenda," akasema. "Ila sisemi uongo, umri wa huo nimeshaupita. Nitakaa kimya. Uongo atausema huyu, ndiye mwenye safu."

"Shangazi, matroni wa pale ananijua."

"Anakujuaje?"

Kiranja alikuwa ananiangalia.

"Tulikutana. Mambo ya kazi."

"Basi jifunike," akasema shangazi, akanirushia mtandio wake na miwani yake ya akiba.

Miwani ile ina nguvu ya kuonea tundu la sindano. Nilipoivaa, dunia yote ikawa ukungu. Niliingia shuleni nimemshika Kiranja mkono, na sikujua ni nani anayemwongoza mwenzake. Pale getini mtu fulani aliandika majina yetu, akatuuliza sisi ni nani kwa binti, nikasema ndugu wa upande wa baba. Akaondoka haraka haraka. Sikuona alikokwenda.

Ofisini kwa mwalimu mkuu tulipokewa na sauti kabla sijauona mwili.

"Sio kweli. Mama Busara? Mwenyewe?"

Kiti kikaburuzwa. Mwalimu mkuu akatoka nyuma ya meza, akamshika shangazi mikono miwili.

"Mama, mimi ni msomaji wako wa kila wiki. Kumbe Kiranja ni damu yako, na amekaa kimya muda wote huu? Karibu. Kaa. Tuachie neno moja tu la hekima kwa hawa mabinti."

Shangazi aliapa kutosema uongo, hakuapa kutosema kabisa. Akageukia dirishani.

"Pazia lile limekatwa kinyume," akasema. "Litavutika upande mpaka siku mtakayolishusha."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa heshima. Nikasikia kalamu. Alikuwa anaandika.

Nikaona bahati imetuangukia, nikajitosa. Nikajitambulisha kama mtoto wa kaka yake Mama Busara, jambo ambalo hata si uongo. Nikaeleza habari za mama aliyelazwa, za wadogo walioko kwa jirani, za uji unaochelewa. Nikasema binti aliwasomea wenzake kwa sababu walikuwa na njaa, na kiranja asiyeona njaa ya wenzake ni kiranja wa nini. Nilisema vizuri, jamani. Nilisema kama ninavyoandika. Kuhusu kitabu nikapita mbali, kama unavyopita mbali na mbwa aliyelala.

Mwalimu mkuu akashusha pumzi.

"Mimi pia nina watoto," akasema. "Na kwa kuwa ndugu zake ni nyinyi, sina wasiwasi. Kiranja, utarudi darasani leo."

Kile kiganja cha mtoto ndani ya kiganja changu kikabana. Kilikuwa na jasho. Nikakibana na mimi. Kwa muda mfupi ule nilijiona mtu mwema, nawaambia bila kuficha, na ninaikumbuka raha yake.

"Umebaki ule utaratibu wenu tu," mwalimu mkuu akasema.

"Wetu?"

"Si wa Mama Busara mwenyewe? Nimeubandika pale kwenye ubao, wazazi wote wauone." Akacheka. "Tangu nilipousoma, hakuna mgeni anayeniponyoka."

Nikavua miwani ili nione. Ukutani, nyuma ya kioo, kulikuwa na kipande cha gazeti na uso wa shangazi. Nikasogea.

Lilikuwa jibu nililomwandikia binti mmoja aliyeuliza kama ni vibaya kuazima mzazi. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Siku ile nadhani niliamka na ukali. Nilimwambia mzazi wa kuazima hakulei, anakupoteza. Kisha, kwa kuwa safu ilikuwa haijajaa, nikawageukia walimu. Walimu nao, niliandika, wasimpokee ndugu yeyote wasiyemfahamu kabla ya kupiga simu nyumbani kwa mtoto.

Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule. Tafuta mtu mzima unayemwamini.

"Matroni amepiga simu mlipokuwa getini," mwalimu mkuu akasema. "Msichukie, ni kwa kila mtu. Na tumepata bahati, baba yake alikuwa mtaa wa pili hapa, anashusha maji. Amefurahi sana kusikia ndugu wamekuja. Amesema anapita."

Kiranja akainua uso. Alinitazama tu, akingoja nifanye jambo. Mama Busara hakosi jambo la kufanya. Nikamgeukia shangazi. Shangazi alikuwa anaitazama mikono yake.

Huko nje breki za gari kubwa zikalia.

Mlango ukafunguliwa, lakini hakuwa baba. Alikuwa matroni.

"Mwalimu, mzee wa boza ame..." Akakatisha. Miwani ilikuwa mkononi mwangu, na mtandio ulikuwa umenishuka mabegani. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Ni ndugu yake Kiranja," mwalimu mkuu akasema.

"Huyu? Huyu si yule wa mayai?"

"Mayai gani?"

"Ya birika. Ndiye aliyekiandika kile kitabu. Nilimwona kwa macho yangu ofisini kwa mchapishaji, kaniangalia hivyo hivyo kama kuku aliyenyeshewa."

Kiranja akanigeukia. Alikuwa bado amenishika mkono.

"Dada, mwambie si kweli."

Nilikuwa na majibu mengi kichwani, na onyo la mhariri mbele ya yote.

"Mjibu mtoto," shangazi akasema.

"Ni kweli," nikasema.

Hakulia. Ningependa angelia. Alifikiria kwanza, kama alivyofikiria kule kwenye cherehani, na safari hii nilijua halitakuja la kunisamehe.

"Kile kiti," akasema. "Nilichokalia kwako. Vilikuwa vitabu?"

"Vilikuwa vitabu."

Akautoa mkono wake. Aliutoa taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anayerudisha kitu cha watu bila kutaka kukivunja.

"Sasa hebu nielewe," mwalimu mkuu akaanza, sauti yake imebadilika. "Hapa nani ni mzazi, na nani..."

Hakumaliza. Mlango ulikuwa umegongwa, na mwanamume mmoja akaingia, kofia mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa mwembamba na macho mekundu ya mtu asiyelala. Akasimama juu ya mkeka wa mlangoni ili asichafue sakafu.

"Habari zenu," akasema. "Samahani kwa matope. Nimeambiwa ndugu zetu wamekuja kumsimamia binti yangu."

Akatuangalia mimi na shangazi, na akatabasamu. Hilo ndilo sikulitegemea. Alitabasamu kama mtu aliyebeba mzigo peke yake tangu asubuhi, akasikia nyuma yake mtu anasema, lete nikusaidie.

"Mama yake akisikia atafurahi. Kule wodini hana hata mtu wa kumtembelea, tulidhani wote wametusahau." Akasita, akaikunja kofia. "Ila mnisamehe, akili yangu imechoka. Siwatambui. Nani kati yenu ni ndugu yetu?"

Mwalimu mkuu akanitazama. Matroni akanitazama. Shangazi, mwenye uso ulioleta yote haya, akanitazama kuliko wote.

Kiranja alikuwa ameshavuka upande wa pili wa ofisi. Akasimama kando ya baba yake, juu ya ule mkeka, begi mgongoni.

"Si ndugu, baba," akasema. Akaninyooshea kidole, bila hasira, kama anayemwonyesha baba yake nyumba aliyokuwa akiitafuta. "Huyu ndiye mtu mzima niliyemwamini."

Baba yake akanigeukia, tabasamu bado halijamtoka vizuri, akangoja nijibu.